Nusu Inchi

Bodi ya pikapu ilikuwa imeliwa na mbolea.
Miaka tisa ilibeba magunia ya chama cha majani chai,
chumvi ikamumunya bati polepole, kama kibogoyo na muwa,
hata siku niliyoinunua, pale mnadani Mudete,
nilitazama chini kupitia sakafu yake
nikaona nyasi, na kuku akipita.

Mwenye mnada akasema: Mama Kageha, hapa unanunua injini tu.
Nikasema: Mwili nitaushona.

Akacheka. Hajui
nimeshona sare za Chavakali tangu nina meno yote.
Najua pindo, najua kwapa,
najua kitambaa hudanganya wapi.
Chuma nacho, nilidhani, ni khaki iliyokataa kukunjwa.

Tukaibandua bodi kuukuu kwa tindo na matusi.
Chasi ikabaki uchi uani, kati ya kisima na migomba,
imeinama kidogo kushoto
kama bwana harusi asiyetaka kupimwa suti,
nami nikaizunguka na chaki yangu.

Chuma cha pembe kwa Lugalia, kwa mkopo.
Mbao za mkaratusi wa shangazi, ulioangushwa na upepo wa Aprili.
Mashine ya kulehemu ya kukodi,
na kijana Andati, aliyekuja nayo
na hakuiondoa machoni hata akinywa chai.

Akanifunza: usiifuate cheche kwa macho,
isikize. Ikikaanga kama samaki, endelea.
Ikikohoa, mkono wako uko mbali.
Mshono wangu wa kwanza ulikuwa kinyesi cha njiwa.
Wa ishirini niliugonga kwa nyundo, gamba likaruka,
na chini yake ulimeta, kijino kwa kijino,
nikatafuta mtu wa kumwonyesha. Alikuwepo kuku.

Kisha, saa kumi, boriti ya tano, tokeni zikaisha.
Giza ndani ya barakoa.
Mkono mtupu haulambwi: nikajitwika mkungu wa ndizi
hadi kwa Jerida, ambaye hatujasemezana
tangu ile kesi ya mpaka.
Hakuuliza neno. Akaurusha waya juu ya ua,
juu ya jiwe lile lile tuliloapia kwa chifu,
na kila nilipochoma
taa ya sebule yake ilipepesa.

Jioni ya pili tukainua fremu, watu sita.
Haikukaa.
Boriti zote tano zilizidi vikombe vya chasi,
zote kiasi kile kile. Nusu inchi.

Andati akaitandika futi yake ya chuma ardhini,
akaulaza utepe wangu wa nguo ubavuni mwake.
Chasi niliipima kwa yake. Vyuma nilivikata kwa wangu.
Utepe ulivutika, miaka ishirini na mitatu shingoni.

Nikakaa juu ya ndoo.

Vipimo vya sare huja vimeandikwa shuleni,
kwa rula ya mwalimu. Mimi hukata kwa utepe huu.
Basi watoto wa kilima kizima
wamevaa kipande ambacho hakuna aliyekilipia:
Vugutsa, mkono mmoja daima kiunoni mwa kaptula,
pacha wa Imali na mikono ya sweta iliyokunjwa mara mbili,
na mama zao wakisifu, Kageha hushona nguo za kukulia.
Nilidhani ni wema wangu.

Andati amewasha grainda, ananingoja.
Nimeshika ncha ya boriti, bado ina joto.
Kata, nikamwambia.
Chuma hakikui.

Kesho ni soko la Luanda. Mbao zimekazwa kwa bolti,
rangi haijakauka vizuri upande wa dereva,
cherehani mbili zimefungwa kamba na turubai juu yake,
na Jerida atakaa mbele, na parachichi zake, na kimya chake.
Futi ya chuma nimenunua. Iko chini ya kiti,
ni ya gari.
Utepe uko shingoni.